Mwaka Ambao Hawakupanda

Abiria atokaye Dar es Salaam, akishapita Mkata na Kabuku, basi likafika Segera na kushika njia ya Korogwe, huanza kuiona milingoti. Imesimama mashambani kama nguzo za simu zilizoachwa bila waya, mirefu kupita paa la basi, kila mmoja na matawi yake kileleni. Wageni huifurahia. Niliwahi kukaa kiti kimoja na kijana aliyekuwa akiipiga picha dirishani tangu Segera, nami sikumwambia kitu. Kwa asiyeujua mkonge, ile kweli ni sura nzuri ya nchi.

Kwa mtu wa mkonge, mlingoti ni taarifa ya msiba. Mkonge una idadi ya majani uliyojaliwa, mia mbili na ushei maisha yake yote. Ukishayatoa, husukuma mlingoti mmoja kwenda juu, huzaa vimiche huko kileleni, kisha hufa. Hakuna mbolea wala dawa ya kuurudisha. Mlingoti mmoja mmoja shambani si neno, umri umefika. Lakini ukikuta shamba zima limesimama milingoti, ukatafuta pembeni yake shamba changa usilione, jua kwamba kuna mwaka fulani, nyuma kabisa, ambapo mtu aliyepaswa kupanda hakupanda. Mwaka huo ndio ninaotaka kuuzungumzia, kwa kuwa ninaamini ndio ulioiangusha tasnia kubwa kuliko zote ambazo Tanganyika iliwahi kuwa nazo, na kwa kuwa nauona unaweza kurudi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mche ukitoka kitaluni na kupandwa shambani, hungoja kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Ukishaanza kukatwa, huendelea mpaka umri wa miaka 10 hadi 12, kutegemea udongo, mvua na palizi. Chukua, kwa mfano, shamba la hekta 1,000. Ili korona, ile mashine inayoparura jani na kuacha singa, yaani nyuzi zake, isikose cha kula, kila mwaka inabidi hekta kama 100 zing'olewe, zilimwe na kupandwa upya. Sasa tuseme meneja ameamua mwaka huu asipande. Ameokoa fedha za trekta, ameokoa ujira wa vibarua, ameokoa palizi ya miaka miwili. Hesabu zake za mwisho wa mwaka zinapendeza. Singa haipungui hata kilo moja, maana majani yanayokatwa leo yalipandwa na mtu mwingine. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu anapandishwa cheo na kuhamishwa. Anayekuja baada yake ndiye anayelikuta pengo, na lawama zote zinamwangukia yeye. Naye akitaka kujinusuru hana njia ya haraka isipokuwa kukata shamba changa kabla ya wakati wake, au kukata majani kupita kiasi mpaka mkonge unabaki na kichipukizi cha katikati tu, kama kuku aliyenyonyolewa. Hapo pengo la mwaka mmoja limekwisha kuzaa la pili.

Sijui zao jingine linalompima kiongozi kwa ukali namna hii. Mahindi yakikosewa, njaa huja mwaka uleule na mkosaji hujulikana. Mkonge humficha mkosaji. Humpa miaka mitatu ya kusifiwa.

Na mkonge wenyewe ulianza kwa matunzo ya ajabu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukitokea Florida, Marekani. Katika miche 1,000 aliyoagiza, iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na hiyo 62 ikapandwa upande wa Pangani. Ililelewa, ikazaa, ikagawanywa, mpaka ikajaza bonde la Pangani na kando zote za reli ya Tanga. Wazungu wa enzi ile walikuwa na dhuluma nyingi, nami sitaki kuzipaka rangi. Vijana walikusanywa kutoka Unyamwezi, Buha, Ubena, Umakondeni na hata nje ya mipaka, wakapewa namba badala ya majina, ndiyo maana wakaitwa manamba. Kuanzia 1944 kulikuwa na chombo maalumu cha wenye mashamba cha kuwakusanya, kilichofahamika kwa kifupi kama SILABU. Wajukuu wao ndio leo wamejaa Korogwe, wengi wanasema Kiswahili tu na hawajawahi kuiona nchi ya babu zao. Jasho lao ndilo lililoifikisha nchi mwaka 1964 kwenye zaidi ya tani 230,000 za singa, nchi ya kwanza duniani, na mkonge ukiwa ndio mleta fedha za kigeni namba moja.

Hata kabla ya kufika kilele hicho, dalili zilikuwapo tayari. Mwishoni mwa 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde, juu ya Mombo, waligoma, na mgomo ukadumu zaidi ya miezi miwili. Uhuru ulipopatikana, wengi walidhani sikio la wakubwa litafunguka. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani na rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alihamishwa kwa amri ya serikali akapelekwa Sumbawanga kwa sababu ya migomo. Naelewa hofu ya serikali changa mbele ya mgomo katika zao lililokuwa linailisha hazina. Hata hivyo, naona jambo moja kubwa lilipotea siku ile. Mkataji wa mkonge ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba majani yamekuwa mafupi, kwamba shamba fulani limezeeka, kwamba magugu yamepita kiuno. Mnyapara hujua wiki inayofuata, meneja mwezi unaofuata, na bodi hujua mwakani. Ukimfundisha wa kwanza kunyamaza, wote walio juu yake wamepofuka, na hawajui kwamba wamepofuka.

Kisha bei zikaanguka. Nyuzi za plastiki, polipropilini, ziliingia sokoni na kuchukua kazi ya kamba za kufungia nyasi katika mashamba ya Ulaya na Marekani, kazi ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya mkonge. Lilipokuja Azimio la Arusha la 1967, sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa na kuwekwa chini ya shirika la umma, ambalo mwaka 1973 likawa Mamlaka ya Mkonge Tanzania. Watu wawili wakikaa barazani Korogwe kuzungumzia kilichoua mkonge, mmoja atasema plastiki, mwingine atasema kutaifisha, na mazungumzo yataishia hapo kama mechi ya sare. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Ila hakuna hata mmoja anayeeleza habari ya Brazili.

Plastiki iliyoshusha bei Tanga ndiyo hiyohiyo iliyoshusha bei Brazili. Soko lilikuwa moja. Lakini katika miaka ileile Brazili ilipanda ikashika nafasi ya kwanza duniani na haijaiachia mpaka leo, tena kwa mkonge wa wakulima wadogo wanaotumia mashine ndogo za kuhamisha kutoka shamba hadi shamba. Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Aina ya mkonge iitwayo H.11648, yenye majani mengi maradufu kuliko ule wa Hindorf, ilizalishwa hapahapa kwetu, kwa kazi ya watafiti wa Amani na kituo cha Mlingano, Muheza. Mnamo miaka ya 1960 ilifika China. Wachina wakaipanda, wakaitunza kwa mbolea na chokaa, na leo ndiyo uti wa mgongo wa mkonge wao. Mbegu ilitoka mwendo wa saa moja kutoka Korogwe, ikaenda kutajirisha watu upande wa pili wa dunia, wakati sisi milingoti ilikuwa inaota.

Kwa hiyo sikubali kwamba bei pekee iliua. Bei ilileta homa, na homa hupona. Kilichotumaliza ni kwamba bei zilipoanguka, kila aliyeshika shamba aliacha kupanda. Wenye makampuni waliohofia kutaifishwa waliacha, kwa nini mtu apande asichotarajia kukata? Shirika la umma lilipochukua, likakuta mapengo, na badala ya kuyaziba likayapanua. Fedha za kigeni za kununua vipuri vya korona zilikuwa ngumu kupatikana, wafanyakazi walipungua, maamuzi yalisubiri makao makuu. Meneja wa shamba alikuwa na malengo ya tani za mwaka huu. Hekta alizopanda hazikuwa kipimo cha kumpandisha wala kumshusha mtu. Watu wakafanya kile walichopimwa nacho. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990, uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Zaidi ya mara kumi kwenda chini, kwa muda ambao mtoto anakua na kupata watoto wake.

Sheria ya Mkonge ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Mkonge kwa ajili ya usimamizi, na mwaka uliofuata mashamba na viwanda kadhaa vya Mamlaka vikauzwa kwa Katani Limited. Hapa ndipo sura ya kufufuka inapoanza, nami naomba isomwe kwa makini, kwa kuwa ina mema ya kweli na kosa la kweli, na vyote viwili vilitoka kichwa kimoja.

Wema kwanza. Kampuni ilikuta maelfu ya hekta ambazo haikuwa na uwezo wa kuzilima. Kampuni nyingine ingezikalia tu, ikalinda hati na kuacha kichaka kiote. Hii iliamua kuzigawa. Kuanzia 1999, katika mashamba ya Korogwe, yaani Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi, wananchi walipewa vipande wapande mkonge wao wenyewe, kampuni ibaki na korona, ichakate na kutafuta soko. Mpango ukaitwa SISO. Fikiria maana yake: mjukuu wa manamba, ambaye babu yake aliingia shamba lile akiwa na namba, sasa anaingia akiwa na kipande chake. Tena wazo hilo liligusa ugonjwa wenyewe, maana mkulima mwenye mkonge wake hahamishwi baada ya miaka mitatu. Asipopanda, pengo atalikuta yeye mwenyewe.

Wema wa pili ulikuwa Hale. Katika jani la mkonge, singa ni takriban asilimia 4 tu. Yale mengine yote, majimaji na makapi, kwa karibu miaka mia moja yalimwagwa yakaozea mabondeni na kuharibu mito. Hale kukajengwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na umeme, kazi ambayo haikuwa imefanywa popote duniani kwa mkonge. Mradi wa aina ile ni mdogo ukiupima kwa kilowati. Ukiupima kwa fikra ni mkubwa sana, kwa kuwa ulimwambia mtu wa Korogwe kwamba alikuwa anatupa sehemu tisini na sita akigombania nne.

Sasa kosa. Irudie hiyo asilimia 4, maana ndimo fedha za mkulima zilimo. Mkulima anakata majani na kuyapeleka kiwandani. Hauzi majani, anauza singa itakayotoka humo. Akileta tani 100 za majani na korona ikawa na visu vizuri na maji ya kutosha, atapata tani 4 za singa kavu. Korona ikiwa imechakaa, singa ikapita na makapi, atapata tani 3. Kosa la fundi aliyeshindwa kubadilisha visu limekula robo ya mapato ya mtu ambaye shambani kwake hakukosea kitu. Tena jani likishakatwa halisubiri, linatakiwa kuparurwa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo korona ikiharibika Jumatatu, au gari la kubeba lisipofika, aliyekata Jumamosi amepoteza kila kitu. Hasara zote za kiwanda humfikia yeye, ilhali hana ufunguo wa kiwanda.

Kisha ongeza kwamba katika mpango huo upande mmoja ndio uliotayarisha shamba kwa trekta, ukabeba, ukachakata, ukapanga madaraja ya singa, ukauza na ukapiga hesabu. Gharama zote hizo, pamoja na marejesho ya mikopo, zilikatwa kabla senti haijamfikia mkulima. Sisemi kwamba karani fulani aliiba. Siingii huko wala si lazima niingie. Hata malaika akishika mizani, daftari, mkopo na soko kwa pamoja, mtu wa upande wa pili hana namna ya kujua kama ametendewa haki, na asiyejua huanza kushuku, na anayeshuku haweki tena nguvu zake. Palizi inaachwa. Kipande kinakodishwa. Mche wa mwaka huu haupandwi. Tumerudi palepale kwa njia nyingine: safari hii shamba lilikuwa la mkulima, lakini imani haikuwepo, na bila imani hakuna mtu anayepanda kitu cha miaka kumi na miwili.

Malalamiko ya wakulima juu ya makato na malipo yalikaa miaka mingi kabla ya kusikilizwa. Yalipofika kwa aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, serikali iliingilia kati, na kuelekea 2020 uchakataji wa mkonge wa wakulima wa Korogwe ukatolewa kwa kampuni na kuwekwa chini ya Bodi ya Mkonge, wakulima wakiuza kupitia vyama vyao vya ushirika, AMCOS za mashamba yaleyale matano. Mkonge ukaingizwa katika mazao ya kimkakati. Likatajwa lengo la tani 120,000 ifikapo 2025, nusu tu ya kile kilichovunwa 1964, jambo linaloonyesha tulivyoanguka kutoka mbali. Halmashauri za Tanga zikahimiza kila mwenye ardhi kupanda, Handeni nayo ikiwemo, na hilo lina mantiki yake: Handeni hukauka, mahindi yake huungua mara kwa mara, nao mkonge huvumilia jua. Wala si mgeni huko. Kabuku palikuwa na skimu ya wakulima wa mkonge tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Watu wanasherehekea, nami nafurahi nao. Ninachoomba ni kwamba tusisahau tulipojikwaa. Bodi iliundwa iwe mwamuzi, na sasa mwamuzi huyo amejikuta pia anaendesha viwanda. Anayetakiwa kumwambia mwenye korona kwamba visu vyake vimechakaa ndiye mwenye korona. Leo viongozi wanaweza kuwa watu wema na wachapakazi, na mfumo ukaonekana hauna kasoro. Kasoro ya namna hii hujitokeza siku wema hao wanapohamishwa. Na AMCOS nazo si dawa kwa jina tu. Ushirika umewahi kuwala wakulima wa pamba, wa kahawa na wa korosho, kwa kamati zao wenyewe walizozichagua kwa kunyoosha mikono.

Miaka michache iliyopita nilialikwa katika mkutano wa mwaka wa chama kimoja cha wakulima, upande wa barabara iendayo Handeni. Sitakitaja, maana kilichotokea pale kingeweza kutokea popote. Tulikaa chini ya paa la bati, watu kama themanini, wengi wazee. Mwenyekiti, kijana wa makamo mwenye sauti nzuri, alisoma taarifa ya mapato na matumizi. Alisoma upesi. Mamilioni yalipita kama magari ya barabara kuu, hakuna aliyeweza kushika namba ya hata moja. Alipomaliza aliuliza kama taarifa imepokelewa, na watu wa mbele wakajibu kwamba imepokelewa.

Bibi mmoja akasimama nyuma, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Shikamoo bibi,” mwenyekiti akamwahi.

“Marahaba, mwanangu. Mimi nilipeleka majani mwezi wa nane, nikarudishiwa karatasi hii. Naomba nisomewe.”

“Kaa kwanza bibi. Hilo tutalifikia kwenye mengineyo.”

“Hayo mengineyo ndiyo mimi?”

Hakuinua sauti. Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza kwa pamoja, na ukimya ule ulikuwa mzito. Nilimwona mwenyekiti akiangalia meza yake. Angeweza kutumia kanuni, angeweza kumwita mgambo, angeweza kumfanya bibi yule aonekane mtu wa fujo. Viongozi wengi wangefanya hivyo, na kikao kingemalizika kwa soda na wali. Nimejiuliza mara nyingi kama mimi ningekuwa kwenye kile kiti ningefanya alichofanya yeye, kwa kuwa alikuwa hajui kilichoandikwa katika karatasi ile, na katibu wake, nadhani, alikuwa anajua.

Alimwita karani aje mbele na daftari la mizani. Akamwomba bibi alete karatasi. Akasema isomwe kwa sauti, mstari kwa mstari, na kila mwenye karatasi yake nyumbani aende akailete.

Watu waliondoka mbio. Wengine walirudi na karatasi za miaka mitatu, zimehifadhiwa ndani ya Korani, ndani ya Biblia, ndani ya mifuko ya sukari. Karani alianza na ya bibi. Uzito wa majani. Siku ya kupelekwa. Siku ya kuchakatwa, ambayo ilikuwa siku ya tano, na hapo mzee mmoja akatikisa kichwa bila kusema neno. Kilo za singa. Daraja. Kubeba. Kuchakata. Palizi, na bibi akasema palizi alilima mwenyewe kwa jembe, na karani akasimama hapo muda mrefu, kidole kikiwa juu ya mstari. Mwenyekiti akamwambia auwekee alama, aendelee.

Chakula kilipoa sufuriani. Jua lilipozama karani alikuwa amefika karatasi ya kumi na moja, mtu akaleta taa, na hakuna aliyeondoka.

Masika yaliyofuata nilipita tena njia ile. Nyuma ya kibanda cha mkutano, pale palipokuwa na milingoti na vichaka, palikuwa pameng'olewa na kulimwa, na miche imesimama kwa mstari, haijanipita goti. Bibi alikuwa anapalilia. Nilimsalimu, nikamwuliza ataanza kukata lini. Akahesabu kwa vidole, akaniambia mwaka.

Akiwapo, akasema. Asipokuwapo, karatasi wanazo watoto.